Siti saba au tano kwa watoto watatu?

Mkuu, umeuliza kama watoto watatu ni lazima uhamie gari ya siti saba, mi naona sio lazima ila usinunue kabla hujabeba viti vya watoto vyote vitatu ukavipanga siti ya nyuma uone kama milango inafunga na mikanda inafikika, maana gari nyingi zinaandikwa abiria watano lakini pale katikati ni pembamba na zile ndoano za ISOFIX (za kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari bila mkanda) mara nyingi ziko pembeni mbili tu. Na hizo za siti saba nazo, ukishainua siti za mwisho buti karibu inaisha, mabegi mawili ya shule na basi, watu hawalioni hilo mpaka siku ya safari. Kama mizunguko yako ni kazini na shule, yaani foleni muda wote, angalia haibridi (gari yenye injini ya mafuta na mota ya umeme). Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na kwa safari fupi fupi kinaziba, kukisafisha sio mchezo. Sisi tulibaki na stesheni wagoni (ile ya siti tano yenye buti ndefu), hatujajuta, ila bibi yao akija mmoja wetu lazima abaki nyumbani 😅