"Njoo tu, tutaiongeza huku": jibu kwa walio Malindi kuhusu viza ya Italia

Swali hili hutujia sana sisi tulio Italia, na safari hii limeulizwa na dada mmoja wa Barani, Malindi. Mchumba wake ni Mwitaliano. Kamtumia barua ya mwaliko, viza ya matembezi ya siku 90 imetoka, na mchumba anamwambia: "Njoo tu, siku zikiisha tutaiongeza huku." Dada anauliza kama kweli yaongezeka, na kama haiongezeki, wafanye nini ili wakae pamoja.

Dada yangu, kwa sababu ya mapenzi haiongezeki. Kanuni ya viza za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, namba 810 ya mwaka 2009, kifungu cha 33, yataja mambo matatu tu. La kwanza ni tukio lililo nje ya uwezo wako, mfano ndege kufutwa kwa mgomo au dhoruba. La pili ni sababu za kibinadamu, kama kuugua vibaya ghafla au kufiwa na mtu wa karibu. La tatu ni sababu nzito za kibinafsi, ambazo hulipiwa yuro 30 na afisa ndiye anayepima uzito wake. Mawili ya kwanza hayana ada. Yote huombwa Questura, yaani makao ya polisi ya mkoa yenye ofisi ya wageni, kabla siku zako hazijaisha, na ushahidi uwe mkononi: cheti cha daktari kinachosema huwezi kusafiri mpaka tarehe fulani, au barua ya shirika la ndege. Harusi ya wifi mwezi ujao haimo.

Mchumba wako huenda hakudanganyi. Yeye amezoea Kenya, ambako mgeni huingia kwa siku 90 kisha huenda uhamiaji kuongezewa mpaka miezi sita. Hajawahi kuomba viza ya kwao, kwa hivyo hajui upande wako ukoje. Msomee haya.

Tuanze na stika iliyo kwenye pasipoti, maana hapo ndipo wengi hukosea. Ina tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho, halafu ina idadi ya siku. Kinachokubana ni idadi ya siku. Ubalozi kwa kawaida huongeza siku 15 za nafasi ili ukichelewa kusafiri usipoteze viza, basi utaona "1 Juni mpaka 13 Septemba, siku 90", ambapo ukihesabu ni siku 105. Ukiingia tarehe 1 Juni, siku yako ya mwisho ni 29 Agosti, si 13 Septemba. Siku ya kufika yahesabiwa, na siku ya kuondoka yahesabiwa. Hizo 90 ni ndani ya kila siku 180, kwa hivyo ukizimaliza zote kwa mfululizo, huwezi kuingia tena kabla ya 28 Novemba, na hata hapo uwe na viza mpya au ile ya kuingia mara nyingi.

Kuna wanaoshauriwa watoke kidogo waende Uswisi kisha warudi. Uswisi imo ndani ya Schengen. Kroatia imo tangu 2023, Romania na Bulgaria zimo kikamilifu tangu Januari 2025. Na hata ukienda Istanbul wiki nzima, hesabu haianzi upya, hizo siku za nje hazihesabiwi tu. Zamani walikuwako waliotegemea muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta ndiyo inayohesabu siku.

Ukifika, kuna mambo mawili madogo ambayo yakiachwa huharibu kila kinachofuata. Ikiwa ndege yako imeingia Schengen kupitia Paris, Frankfurt au Amsterdam, hukuandikishwa kwenye mpaka wa Italia, basi una siku 8 za kwenda Questura kujaza dichiarazione di presenza, tamko la kwamba upo nchini. Aliyetoka Addis Ababa au Doha moja kwa moja hadi Roma haihitaji, kwa kuwa kaandikishwa pale pale uwanjani. La pili ni la mwenyeji wako: ana saa 48 kuiarifu polisi au manispaa kwamba amempokea mgeni kutoka nje ya Ulaya. Asipofanya, faini yake ni yuro 160 mpaka 1,100. Muombe nakala ya karatasi hiyo uiweke, ndiyo itakayoonyesha baadaye kwamba mliishi pamoja.

Sasa njia yenyewe. Mkitaka kukaa pamoja, si viza inayoongezwa, ni hali yako inayobadilika, na kwa wapenzi inabadilika kwa ndoa. Sheria ya Italia yaruhusu mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kufunga ndoa huko, kisha kuomba kibali cha kukaa kwa sababu ya familia. Kinachowakwamisha watu ni karatasi kutoanzia nyumbani.

Kifungu cha 116 cha sheria ya madai ya Italia chataka mgeni alete nulla osta, hati ya nchi yake kwamba hana pingamizi la kuoa au kuolewa. Kwa Mkenya hutolewa na ubalozi wa Kenya ulioko Roma, lakini ubalozi hauwezi kukuandikia kitu cha kukisia. Nenda nacho cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msajili wa Ndoa, ambaye yuko chini ya Mwanasheria Mkuu, Sheria House Nairobi. Nenda na cheti cha kuzaliwa. Kama uliwahi kuolewa, nenda na hati ya talaka au cheti cha kifo cha mume, na ujue kwamba Italia humtaka mwanamke aliyeachika au kufiwa angoje siku 300, isipokuwa sheria imempa msamaha. Cheti chochote cha Kenya kitakachotumika Italia kipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha kihakikiwe na ubalozi wa Italia Nairobi. Kukifanyia haya ukiwa tayari Milano ni kutuma karatasi na jamaa, na siku zako 90 zinayeyuka.

Kabla ya yote hayo, tandika vyeti vyako mezani usome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wa pwani tunapoumia. Cheti cha kuzaliwa kimeandika Fatuma, pasipoti Fatma. Kitambulisho kina jina la babu, cheti hakina. Neno "binti" lipo huku, kule halipo. Kwetu ni mtu mmoja na kila mtaa unamjua. Kwa karani wa manispaa ya Italia ni watu wawili, na hatasonga mbele. Kiapo cha wakili husaidia mara nyingine, lakini kusahihisha cheti chenyewe ndiyo dawa, na kazi hiyo hufanyika Kenya.

Nulla osta ikishatoka ubalozini Roma, hupelekwa Prefettura, yaani ofisi ya serikali kuu mkoani, kuhakikiwa, na stempu ya serikali ya yuro 16. Tafsiri ikihitajika iapishwe mahakamani, nayo hula stempu ya yuro 16 kwa kila kurasa nne. Ndipo mnakwenda ofisi ya ndoa ya manispaa. Tangazo la ndoa hubandikwa siku 8, na kuanzia siku ya nne baada ya hapo mna siku 180 za kufunga ndoa. Mashahidi ni wawili, na kama Kiitaliano chako ni kile cha ufukweni, panahitajika mkalimani, la sivyo ofisa atakataa. Katika miji mikubwa miadi ya manispaa yenyewe huchukua wiki. Jipangieni hivi: nulla osta ndani ya mwezi wa kwanza, ndoa kabla ya siku ya 60, maombi ya kibali kabla ya siku ya 90. Mkishaomba, mnapewa risiti, na risiti hiyo ndiyo ruhusa yako ya kungoja. Usisafiri nayo nje ya Italia mpaka kadi itoke.

Nikaha nayo niitaje, maana wengi wetu ni Waislamu. Nikaha ya msikitini Italia ni halali mbele ya Mungu, lakini haina nguvu ya kiserikali huko, kwa hivyo haikupi kibali. Ile iliyofungwa Malindi mbele ya kadhi na kusajiliwa ni ndoa kamili kwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, na Italia huiandikisha kupitia ubalozi wake, mradi mume hana mke mwingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa walio wengi: fungeni ndoa nyumbani, kwa kadhi au kwa msajili, ambaye hutaka tangazo la siku 21, kisha uombe viza ya familia Nairobi. Utangoja, lakini utangoja kwenu, unafanya kazi yako, huku hakuna kalenda inayokukimbiza.

Kama mchumba si Mwitaliano bali ni Mkenya mwenzetu mwenye kibali, mambo ni mengine. Mpaka mfunge ndoa kwanza, na yeye awe na miaka miwili ya kuishi huko kihalali, sharti lililoongezwa mwishoni mwa 2024, nyumba iliyopimwa na manispaa kuwa yafaa, na kipato kisichopungua kiasi cha sheria. Kuishi pamoja tu bila ndoa hakumsaidii mgeni wa viza ya matembezi, kwa sababu kuandikishwa kama mkazi kunahitaji kibali ambacho huna.

Kubadili viza ya matembezi kuwa ya masomo au ya kazi ukiwa huko huko haiwezekani. Zote mbili huombwa kutoka Kenya. Mwenye mimba hafukuzwi mpaka mtoto atimize miezi sita, na mzazi wa mtoto Mwitaliano anayeishi Italia hupewa kibali cha familia hata kama siku zake zilikwisha. Nalitaja kwa sababu ni haki ya mtoto. Asikushauri mtu uzae kwa ajili ya karatasi.

Na ukizidisha siku? Faini iliyoandikwa ni yuro 5,000 mpaka 10,000, na amri ya kufukuzwa huja na marufuku ya kurudi ya miaka 3 hadi 5, ambayo husomeka Schengen nzima. Zaidi ya hapo, utaishi kwa kumtegemea mtu mmoja kwa kila kitu, huwezi kuandikwa kazi, na bima yako ya safari imeisha. Hata ndoa ikifungwa, polisi huja nyumbani kuangalia kama mnaishi pamoja. Kibali hufutwa ikionekana ni ndoa ya karatasi.

Pasipoti ikae kwako, si kwenye droo yake. Tiketi ya kurudi iwe ya kubadilika tarehe. Na uiandike namba 1522 mahali: ni simu ya bure ya Italia, saa 24, kwa mwanamke anayepigwa au kufungiwa, na wana wanaozungumza Kiingereza. Mgeni anayeteswa nyumbani ana kibali chake mwenyewe kisheria, hata akiambiwa na mume kwamba bila yeye hana karatasi.