Shemeji, kiwanja cha Pongwe msikiuze

Shemeji, shikamoo. Dada, shikamoo. Ujumbe wenu wa sauti nimeupata na nimeusikiliza vizuri. Mnasema mwanetu kawamaliza wote pale Tanga kwa mchezo wa vinyoya, yaani badminton, wasichana kwa wavulana, na kuna bwana anayejiita wakala anataka milioni kadhaa amtafutie klabu ya kulipwa huku Denmark. Mnafikiria kuuza kiwanja cha Pongwe. Mkaniomba niseme kweli bila kuwaficha: vinyoya huku Ulaya vinalipa au havilipi? Naandika badala ya kupiga simu ili binti naye asome mwenyewe, maana mwenye raketi ni yeye.

Kiwanja msikiuze. Hilo nalitanguliza, mengine yafuate.

Mimi mnayeniona kwenye picha nimevaa jezi siishi kwa vinyoya. Nakula, nalipa pango na natuma hicho kidogo ninachotuma kwa kazi ya nyumba ya wazee hapa Odense. Saa moja asubuhi nimeshaingia zamu. Nawaogesha, nawavisha, nawasukuma kwenye viti vya magurudumu hadi mezani, namjibu bibi yule yule anayeniuliza kila asubuhi mimi ni nani. Ni kazi ya halali na naiheshimu. Lakini kazini hairuhusiwi kupiga picha, kwa hiyo picha zinazofika Tanga ni za ukumbini tu, na watu barazani wanajumlisha wenyewe. Mshahara ukiingia, kodi imeshachukua zaidi ya theluthi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Natoka kazini gizani, napitia ukumbini, nafundisha watoto, nacheza kidogo, narudi kulala.

Na kufundisha huko ni kwa kujitolea. Klabu nyingi za hapa ndivyo zinavyokwenda: halmashauri inatoa ukumbi, wazazi wanafundisha, na mchezaji ndiye anayelipa ada ili acheze. Zipo klabu za ligi kuu zinazolipa, ila zinawalipa watu ambao tayari wana jina kwenye orodha ya ubora ya dunia. Hii ni nchi ya Poul-Erik Høyer, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, na ya Viktor Axelsen, aliyeichukua Tokyo kisha akairudia Paris 2024. Watoto wanashika raketi kabla hawajajua kusoma. Wanapofika umri wa mwanetu wameshapita mikononi mwa makocha kadhaa, na bado wengi wao watakuja kuwa walimu, mafundi umeme na wauguzi. Klabu imwache binti wa jirani, imlipie msichana wa kutoka Tanga ambaye haijawahi kumwona, nyumba, chakula na mshahara? Shemeji, sijaiona hiyo.

Sasa huyo wakala. Mwulizeni maswali mawili tu. La kwanza: anamleta kwa viza gani? Viza ya matembezi ya nchi hizi ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na haimruhusu mtu kufanya kazi. Siku hizo zikiisha, binti mdogo anabaki bila karatasi, bila shule, kwenye baridi, na wakala simu yake haipatikani. La pili: atamwingizaje kwenye mashindano? Mchezaji hajiandikishi mwenyewe mashindano ya kimataifa, wala wakala hamwandikishi. Jina lake linapelekwa na chama cha taifa lake. Kwa hiyo mlango wa kwanza uko Dar es Salaam, kwenye chama cha vinyoya cha Tanzania, na kuugonga hakuhitaji kuuza ardhi.

Nije kwenye lile ninalotaka binti alielewe kuliko yote. Mchezaji wa Afrika anapanda kwa pointi, na pointi zinaokotwa Afrika kwanza. Orodha ya dunia inahesabu matokeo yako kumi bora ndani ya majuma 52. Mashindano yana ngazi: juu kabisa yako ya Super 1000, yanashuka 750, 500, 300, 100, halafu chini yake ndiko kuna yale madogo yanayofanyika Kampala, Lagos, Lusaka na Mauritius. Yale ya juu huingii kwa kutaka, unaingia kwa nafasi yako kwenye orodha. Na Olimpiki kila bara limewekewa nafasi yake, hata kama mchezaji bora wa bara hilo yuko mbali sana kwenye orodha ya dunia. Maana yake ni kwamba binti wa Tanga hana haja ya kuwapita Wachina na Wadenmark ili afike Olimpiki. Anatakiwa awapite Wamisri, Wanaijeria, Wamauritius na Waganda, na hao anakutana nao huko huko Afrika. Kuja kukaa Denmark bila pointi ni kwenda mbali na ngazi yenyewe.

Waliofika wamefika hivyo. Edwin Ekiring wa Uganda, jirani zetu hapo, alicheza Beijing 2008 na London 2012. Anuoluwapo Opeyori wa Nijeria amekuwa bingwa wa Afrika zaidi ya mara moja na akafika Paris 2024. Mnijeria mwingine, Mariam Eniola Bolaji, anacheza vinyoya vya watu wenye ulemavu. Paris mwaka huo huo alichukua shaba, medali ya kwanza ya Paralimpiki ya vinyoya kwa Mwafrika yeyote. Siku ile nililia ukumbini mbele ya watoto wa watu, na sikuona haya.

Lakini ninayetaka binti amshike zaidi ni Hadia Hosny wa Misri. Amecheza Olimpiki tatu, Beijing, London na Tokyo, na huku akacheza akasoma sayansi ya dawa mpaka akawa mhadhiri wa chuo kikuu, kisha mwaka 2021 akaingia bungeni. Hakuchagua kimoja. Dada, hili nakuambia wewe: kidato cha nne lazima amalize, na asije akaambiwa na mtu yeyote kwamba shule inamchelewesha.

Kuhusu fedha, msikieni vizuri. Mashindano ya All England, yale makubwa ya Uingereza, mwaka 2019 yalikuwa na fungu la zawadi la dola milioni moja, na bingwa wa mchezaji mmoja mmoja akabeba dola 70,000. Hizo ndizo habari zinazofika barazani. Chini huku, fungu ni dogo na linagawanywa kwenye michezo mitano: wanaume, wanawake, jozi za wanaume, jozi za wanawake na mchanganyiko. Anayetolewa raundi ya kwanza anarudi na pointi chache na deni la nauli. Tiketi, chakula, malazi, ada, nyuzi za raketi, vyote mfukoni mwake. Wachezaji wa Afrika niliozungumza nao wanapopita huku kwenye mashindano, karibu wote wana kazi nyingine au mzazi anayebeba mzigo. Naomba mlijue hilo mapema, mkiwa bado na kiwanja.

Pamoja na hayo, mlango hufunguka hata siku usiyoitegemea. London 2012 jozi nne za wanawake, moja ya China, moja ya Indonesia na mbili za Korea Kusini, zilifukuzwa kwa kupoteza mechi makusudi. Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, ambao hatua ya makundi hawakuwa wameshinda hata mechi moja, wakaitwa kucheza robo fainali ya Olimpiki. Walipoteza, lakini walikuwepo. Asiyekuwepo haitwi.

Kwetu hajawahi kutokea Mtanzania aliyecheza vinyoya Olimpiki, na hilo linaniuma, kwa sababu shirikisho la Afrika la mchezo huu lilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1977.

Basi tufanye hivi. Kwanza mtoeni uani. Nimeona video anacheza na wavu umefungwa kwenye mwembe pale Chumbageni, na upepo wa bahari unamfundisha vibaya. Kinyoya kina manyoya 16 ya bata bukini na uzito wake ni kama gramu tano. Upepo kidogo tu unakihamisha, naye anazoea kukimbilia mahali ambapo kinyoya kisingeanguka. Anahitaji ukumbi wenye dari refu, madirisha yafungwe hata kama kuna joto. Zungumzeni na mashule, zungumzeni na wazee wa Kihindi wa mjini. Hata jioni mbili kwa wiki zinatosha kuanzia.

Halafu ajue kwamba kinyoya hakiruki sawa kila mahali. Kwenye joto na kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, kinakwenda mbali. Kwenye baridi kinajikata njiani. Ndiyo maana vina namba za kasi. Huku Januari tunachukua vya 78 vyenye kasi, Tanga anatakiwa apate vya 76. Kampala iko mita zaidi ya elfu moja juu ya bahari, kwa hiyo akifika pale mapigo yake marefu yatamtoka nje ya mstari siku nzima ya kwanza. Afike mapema, afanye mazoezi palepale kabla ya mechi. Wengi wanafika usiku, wanacheza asubuhi, wanatolewa, wanadhani hawajui.

Kampala ndiyo safari ninayotaka tuichangie, si Copenhagen. Basi linatoka Tanga, linapita mpakani Horohoro na Mombasa, anafika. Shemeji aende Dar kwenye chama akaulize lini wanachagua wachezaji na binti aende kushindana nao. Ada na malazi ya safari ya kwanza nabeba mimi. Dada amsindikize.

Raketi mbili na maboksi ya vinyoya vya 76 nampa mtu anayekuja Dar mwishoni mwa mwezi. Nitawatumia namba yake. Na binti, mama yako mdogo anakuomba video nyingine, ila safari hii simu isimame ubavuni mwa uwanja, chini kidogo, nione miguu. Mkono wako nimeshauona, ni mzuri. Miguu ndiyo sijaiona.