Namba ya jezi haina wastani

Msimu wa tafiti umefika, na barua karibu zote wiki hii ni za wanafunzi. Nimechukua nne.

Mwalimu, data za kiidadi na za kimaelezo zinatofautianaje?

Kaa kwa mama ntilie. Akikwambia jana kauza sahani 62 na leo 40, hiyo ni ya kiidadi: imehesabika, unaweza kuijumlisha. Akiongeza kwamba wateja wananung'unika maharage siku hizi ni magumu, umepata ya kimaelezo. Sahani zinakuonyesha biashara imeshuka kiasi gani. Sababu iko kwenye maharage.

Kwa hiyo kila chenye namba ni cha kiidadi?

La. Namba ya simu au ya jezi ni jina tu lililovikwa tarakimu. Jiulize: nikitafuta wastani wake, nitapata kitu chenye maana? Jumlisha jezi za wachezaji 11 kisha ugawe, uone kama kuna kocha atakayekuuliza jibu. Niliwahi kusahihisha ripoti yenye jedwali safi, mistari imenyooka, ndani yake "wastani wa jinsi: 1.6". Mwandishi alikuwa ameingiza mwanamume kama 1 na mwanamke kama 2, akabofya. Kompyuta haioni haya.

Dodoso langu lina alama 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Nipige wastani?

Ubishi wa siku nyingi huo. Alama hizo zina mpangilio, lakini nani kapima kama hatua ya kutoka 1 kwenda 2 inalingana na ya 4 kwenda 5? Mimi hupendelea kutaja ni wangapi walichagua kila jibu. Watu 20 wakichagua 1 na wengine 20 wakichagua 5, wastani ni 3, yaani "sina upande", jibu ambalo hata mmoja wao hakulitoa.

Msimamizi wangu anasema mahojiano ni porojo, anataka takwimu tu. Nimjibu nini?

Kwa adabu, msimulie habari za daktari John Snow. London, 1854, kipindupindu kinaua watu mtaa wa Broad Street. Snow, aliyeamini ugonjwa huo unaenezwa na maji, akaorodhesha vifo, akakuta karibu vyote viko jirani na pampu moja ya maji. Hesabu hiyo. Ila kulikuwa na mjane aliyefia Hampstead, mbali kabisa na pampu. Mtoto wa marehemu ndiye aliyefumbua fumbo: mama aliwahi kuishi karibu na Broad Street, akayapenda maji ya pale, na kila siku akiletewa chupa yake kwa mkokoteni. Mpwa wake wa Islington alikuja kumtembelea, akayanywa, naye akafa. Upande wa pili, kiwanda cha bia cha mtaa huohuo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna aliyeugua vikali. Mwenye kiwanda akaeleza kwamba wanapewa kinywaji cha hapohapo, pampu hawaigusi. Mkono wa pampu uling'olewa Septemba 8.

Bila orodha ya vifo, habari za mjane zingebaki msiba wa familia moja. Bila maneno ya mwanawe, kifo chake kingewapa wapinzani wa Snow la kusema.

Msimamizi wako ana haki katika jambo moja, kama ulihoji watu 12: ni wachache mno kuwatolea asilimia. Usiandike "asilimia 75 ya wahojiwa". Andika tisa kati ya 12.