Rangi Yang'aa, Breki Hakuna: Maswali Yenu ya Dramu

Mwezi huu karibu maswali yote ni ya breki za dramu, lile chungu la chuma linalozunguka pamoja na tairi, na sababu naijua: msimu wa harusi. Kila mwenye Morris Minor iliyolala uani tangu enzi za marehemu babake keshaitoa, kaipiga rangi, kashonesha viti, kafunga maua mbele, anaikodisha kubebea bibi harusi. Breki hajazigusa. Haya, tuendelee.

*Fundi, pedali ya Morris yangu inazama mpaka chini. Nikipampu mara mbili inapanda. Ninunue masta silinda? (Msomaji, Bububu)*

Usinunue kitu bado; masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, huenda hana kosa. Kanyaga, usikilize mguu wako. Ikipanda mara ya pili na ikawa ngumu kama jiwe, brekishuu, vile vipande vinavyoisugua dramu kwa ndani, ziko mbali nayo, zataka kukazwa tu. Ikiwa laini kama andazi, mna hewa ndani ya paipu za mafuta. Ikishika halafu ikawa yateremka polepole nawe bado umekanyaga, na hakuna panapovuja nje, hapo ndipo umtuhumu masta silinda.

Kukaza si kazi ya kumlipa mtu. Nyanyua gari kwa jeki, weka vigingi vya kuishikilia, usitegemee jeki peke yake. Geuza skrubu ya kukazia mpaka tairi ikwame, kisha irudishe kidogo hadi izunguke huru. Breki za mbele za Morris Minor zina skrubu mbili kila upande, moja kwa kila shuu, nyuma moja. Wengi hukaza moja ya mbele wakaiacha ya pili, kisha wanakuja kulalamika kwangu.

Na ukiwa huko chini, mtazame huyo masta silinda. Kwenye Morris Minor amefichwa ndani ya chesi chini ya miguu ya dereva, mahali pa kukusanya maji na tope. Gari iliyokuwa ikiegeshwa pwani, usitarajie kumkuta na uso mzuri.

*Mafuta ya breki yamekwisha na duka limefungwa. Naweza kutia oili ya injini kidogo? (Msomaji, Jang'ombe)*

Hapana.

Nimelijibu hili mara sijui ngapi. Oili ya injini huvimbisha mipira yote ya breki. Leo gari itasimama, wiki ijayo pedali itaganda na breki zitajishika zenyewe njiani. Ukishatia, dawa ni kubadilisha kila mpira, kila hozi, na kuosha paipu zote. Tia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4, na chupa iwe mpya. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu mnaijua. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230; ikishanyonya maji yaweza kuchemka karibu na 155. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka jana itupe.

*Land Rover yangu ya zamani ikikanyagwa breki inavuta kushoto. Fundi amenibadilishia shuu za kushoto lakini bado. (Msomaji, Chake Chake)*

Fundi wako kamtibu mzima. Gari ikivuta kushoto, mara nyingi kushoto ndiko kunakoshika. Mgonjwa yuko kulia. Fungua kulia: huenda wili silinda, ile inayosukuma shuu kwenye tairi, imeganda kwa kutu, au shuu zimelowa oili.

Zikiwa zimelowa, zitupe. Usizioshe kwa petroli, usizichome moto kama nionavyo wengine wakifanya. Oili imeshaingia ndani ya lainingi, ile ngozi ya shuu inayosugua dramu, ikipata joto itatoka tena. Nunua za ekseli nzima, kulia na kushoto pamoja. Shuu mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili ndiyo hiyo hiyo gari ya kuvuta.

Halafu uliza oili imetokea wapi. Kama ni tairi za nyuma, kabla hujabadilisha oili sili, mpira unaozuia oili isivuje, safisha tundu la kupumulia la difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Likiziba kwa tope, difu ikipata moto husukuma oili nje kupitia sili, hata iwe mpya ya jana. Na kule kwenu, msimu wa karafuu, watu wanapoanika pembezoni mwa barabara, gari ya kuvuta upande itaanza na mkeka wa mtu, kisha mtu mwenyewe.

*Dramu imekataa kutoka. Nimepiga nyundo mpaka basi. (Msomaji, Makunduchi)*

Weka nyundo chini. Dramu ni chuma cha kumimina, ukingo wake ukipasuka hapa Unguja utaitafuta nyingine mpaka uchoke. Umelegeza skrubu za kukazia? Najua hukulegeza. Dramu iliyolika ina mdomo ndani, na shuu zimenasa nyuma yake. Ikiwa ni ya nyuma, achia na handibreki. Kama ina matundu yenye nyuzi za bolti, kama za Land Rover, pitisha bolti, uzikaze kidogo kidogo, itajisukuma yenyewe.

*Vumbi la ndani nalipuliza kwa kompresa? (Msomaji, Mwanakwerekwe)*

Usithubutu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Huleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza, zilikotoka gari zetu hizi, waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kifunge kwenye mfuko ukitupe. Na mtoto anayekusaidia gereji mpeleke mbali.

*Nimepita kwenye maji ya masika, breki zimepotea! (Msomaji, Amani)*

Zimelowa. Nenda taratibu huku umegusa pedali kidogo, zitakauka kwa joto.

*Handibreki haishiki. Nyumbani ni mlimani, naweka jiwe nyuma ya tairi. Nikaze kebo? (Msomaji, Wete)*

Kebo ni ya mwisho. Kaza kwanza brekishuu za nyuma, kisha ndiyo utazame kebo kama bado imelegea. Ukianza na kebo utazishikisha shuu muda wote, dramu ipate moto, na lainingi ziishe kabla ya Idi. Ukimaliza, jaribu kwenye kilima kidogo kwanza, na jiwe lako liwe bado ndani ya gari.