Homa imerudi baada ya dozi ya brusela: dawa zilikuwa feki?

Swali: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 41, tunafuga mbuzi na ng'ombe wachache huku Longido. Miezi miwili mfululizo alikuwa anapata homa za jioni, jasho la usiku mpaka shuka linalowa, na kiuno kinamuuma. Alitibiwa malaria mara mbili, halafu taifodi. Mwishowe akapimwa brusela, ule ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, akapewa doksisaiklini ya siku 14. Akapona kabisa. Sasa zimepita wiki tano, homa imerudi na kipimo bado kinasema anayo. Je, dawa zilikuwa feki? Na anaweza kuniambukiza?

Jibu: Marahaba, mama. Pole kwa kuuguza.

Sidhani dawa zilikuwa feki. Kwa jinsi unavyoeleza, zilikuwa chache: aina moja badala ya mbili, wiki mbili badala ya sita. Bakteria wa brusela huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazotakiwa kuwaua, na kujificha humo kwenye wengu, ini na uboho wa mifupa. Siku 14 zinatosha kushusha homa. Mgonjwa anakula, anarudi machungani, kila mtu anasema amepona, kumbe waliojificha bado wapo.

Kwa mtu mzima tunatoa doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa wiki 6, pamoja na sindano ya streptomaisini gramu 1 kila siku kwa wiki 2 hadi 3. Wengine, badala ya streptomaisini, hutumia jentamaisini kwa siku 7 hadi 10. Sindano zikishindikana, anaongezewa rifampisini miligramu 600 hadi 900 kwa siku, nayo kwa wiki 6. Kama figo na masikio ni mazima, mimi huchagua sindano, kwa sababu ugonjwa hurudi mara chache zaidi. Hata dozi ikikamilika, wagonjwa kama 5 hadi 10 katika kila 100 hurudiwa, kwa hiyo afuatiliwe hata baada ya kumaliza. Doksisaiklini aimeze kwa maji mengi akiwa ameketi. Asiimezee maziwa wala chai ya maziwa, maana yanapunguza nguvu yake. Najua kwa wafugaji hilo ni gumu.

Lakini kilichonishtua katika barua yako ni kiuno. Brusela hupenda viungo vya nyonga na pingili za uti wa mgongo. Kifua kikuu nacho hula pingili hizo hizo, na kwa nje huwezi kuvitofautisha. Kabla hajaanzishiwa rifampisini ni lazima kifua kikuu kitafutwe, kwa sababu ni dawa yake pia, na ikitumika bila zile nyingine za kifua kikuu hutengeneza usugu. Apigwe picha ya mgongo. Pingili zikiwa zimeguswa, matibabu hayapungui miezi 3. Muulize pia mkiwa wawili kama korodani imevimba au inauma. Wanaume wengi huficha hili, na mimi nimewahi kuambiwa mgonjwa akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango anatoka.

Kuhusu kipimo: kinachopimwa ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea, na hizo hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona. Kipimo peke yake hakithibitishi kwamba ugonjwa umerudi. Homa ndiyo inayonitia wasiwasi. Ikiwezekana damu ioteshwe, yaani bakteria wenyewe wakuzwe maabara ili waonekane, na maabara waambiwe wanatafuta brusela, ili wasubiri siku za kutosha na wao wenyewe wajikinge.

Usiwalaumu sana waliotibu malaria. Katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 walilazwa wakiwa na homa. 528 waliambiwa ni malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Brusela ilikuwemo kati ya homa zilizokosewa.

Mtu kumwambukiza mtu ni nadra sana. Ila wewe na watoto mnakunywa kibuyu kimoja naye. Maziwa yachemshwe hadi yapande, na kugandisha mtindi kwa maziwa mabichi hakuui vimelea. Je, kuna mbuzi aliyetupa mimba mwaka huu? Nani alishika kondo, na alivaa nini mikononi? Msimwamini mbuzi kwa kumtazama: mwaka 1905 huko Malta, Themistocles Zammit alikuta vimelea kwa mbuzi walioonekana wazima kabisa. Mwiteni daktari wa mifugo awapime.

Kama una mimba, sema mapema. Brusela inaweza kuiharibu, na doksisaiklini hatutakupa. Watoto chini ya miaka 8 nao wana dawa zao, kwa kawaida rifampisini na kotrimoksazoli.

Asinunue doksisaiklini nyingine dukani. Mpeleke hospitali yenye eksirei, bebeni na maboksi ya dawa zote alizotumia, na mtoto yeyote mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo.