Kopo la baruti lililokaa miaka: maswali yenu na majibu

Arusha ni makao ya makampuni mengi ya uwindaji wa kitalii, na kwenye stoo za wawindaji bingwa na walenga shabaha bado yapo makopo ya baruti ya kujazia risasi yaliyonunuliwa zamani. Barua zenu za safari hii zinahusu makopo hayo. Kabla sijajibu: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ninachoandika hapa ni cha mwenye kibali, na cha familia iliyokuta kopo ndani ya nyumba na haijui la kufanya.

Marehemu baba mkwe aliacha kopo la baruti isiyo na moshi, halijafunguliwa, la miaka ya 1980. Je, muda wake umeisha? (Msomaji, Sakina)

Pole kwa msiba. Baruti hii haiandikwi tarehe ya kuisha kama dawa. Imetengenezwa kwa nitroselulosi, na nyingine huongezwa nitrogliserini. Nitroselulosi huoza polepole tangu siku inapotoka kiwandani, hata kopo likiwa limefungwa. Inapooza hutoa gesi zenye asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwenyewe. Ndiyo maana viwanda huchanganya humo kemikali ya ulinzi, mara nyingi daifenilamini, ambayo hunasa gesi hizo. Ulinzi ukiisha, hakuna tena kinachozuia.

Kwa hiyo umri peke yake haukupi jibu. Baruti iliyokaa mahali pa baridi na pakavu inaweza kupita miaka 40 ikiwa nzima, na ya miaka 10 iliyokaa kwenye joto ikawa imekwisha. Uliza kwanza kopo lilikaa wapi miaka yote hiyo. Kama hakuna anayejua, mimi nisingelitumia.

Shikamoo mwalimu. Nyumba yetu ni ya bati bila dari, na baba anaweka baruti yake juu ya kabati. Ina shida? (Kijana, Majengo, Moshi)

Marahaba mwanangu. Ina shida, na umefanya vizuri kuuliza. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Arusha ni kama mita 1,400, kwa hiyo joto lenu ni kali kuliko letu. Saa nane mchana mwezi wa pili, hewa iliyo chini ya bati ina joto kubwa kuliko ya barazani, na juu ya kabati ndipo inapojikusanya. Kwa makadirio yanayotumika sana katika kemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya uozo uende mara mbili au zaidi. Mwambie mzee kwa adabu alishushe kopo, aliweke chumba cha ukuta wa tofali upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na jiko, mitungi ya gesi, betri na mafuta, na pafungwe kwa kufuli. Viwashio, yaani vile vidude vya kwenye kitako cha risasi vinavyowasha baruti, vikae mahali pengine kabisa. Na asiliache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Nitajuaje kwa macho na pua kuwa baruti imeharibika? (Mwindaji, Usa River)

Lipeleke kopo nje, penye hewa, ufungue bila kuinamisha uso juu yake. Baruti nzima ina harufu kidogo ya etha au spiriti, kali lakini safi. Iliyoharibika ina harufu chachu ya asidi inayochoma puani na kukufanya urudishe kichwa nyuma. Usiendelee kunusa ili kuhakikisha, kwa sababu gesi hiyo ni sumu kwa mapafu. Ukiona hewa ya rangi ya kahawia juu ya chembe, rudi nyuma mara moja.

Kisha tazama upande wa ndani wa kifuniko. Wengi hukosea hapa. Kutu ya nje ya kopo ni unyevu wa masika tu, haisemi lolote kuhusu baruti. Kutu ya ndani, pale ambapo maji hayakufika, ni kazi ya asidi. Mwaga kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe: chembe nzima zinateleza moja moja na zina mng'ao wa kijivu wa grafaiti. Zikishikana mabonge, zikiwa zimepoteza mng'ao, au zikiacha vumbi jembamba la wekundu wa kutu kwenye karatasi, mjadala umekwisha.

Nawaomba mlishike hili: pua hugundua mwishoni. Harufu chachu ikitokea, kemikali ya ulinzi imeshakwisha zamani. Kutokuwepo kwa harufu si cheti cha usalama. Mwenye kopo la miaka mingi alikague kila mwaka, na aandike tarehe ya ukaguzi juu yake.

Wala msidhani kinachopotea ni nguvu ya risasi tu. Mwaka 1907 meli ya kivita ya Ufaransa iitwayo Iéna ililipuka bandarini Toulon, na mwaka 1911 ikafuata Liberté, hapo hapo Toulon. Mamia ya watu walikufa katika misiba hiyo miwili, na baruti iliyoharibika ghalani ndiyo iliyolaumiwa. Kopo la nyumbani ni dogo, ndiyo, lakini nalo linaweza kujipasha joto hadi kuwaka lenyewe.

Si salama zaidi kuifungia kwenye sefu ya chuma pamoja na bunduki? (Msomaji, Njiro)

Bunduki na risasi, sawa. Baruti, hapana. Ikiwaka mahali pa wazi huungua kwa moto mkali na wa haraka. Ikiwaka ndani ya chuma kilichobana, gesi hukosa pa kutokea na sefu inakuwa bomu. Kabati la mbao lenye kufuli ni bora. Kanuni za zimamoto za Marekani zinataka baruti inayozidi pauni 20, yaani kama kilo 9, nyumbani ikae kwenye sanduku la mbao zenye unene wa inchi 1. Na ibaki kwenye kopo lake la kiwandani. Ukiihamishia kwenye chupa ya soda au ya asali umepoteza jina, namba ya bechi na onyo, na siku moja mtoto ataifungua.

Na friji je? (Huyo huyo)

Hapana. Ukiitoa, unyevu wa hewa utageuka matone ya maji kwenye chembe. Tena friji ni ya chakula.

Kifuniko cha kopo langu kililegea kwa miezi kadhaa. Baruti ni kavu kabisa, kwa hiyo ni nzuri? (Mlenga shabaha, Tengeru)

Ukavu uliopita kiasi nao ni hatari. Unyevu na viyeyusho alivyoviacha mtengenezaji vikitoka, baruti huungua haraka zaidi na shinikizo hupanda, hata ukipima uzito ule ule wa siku zote. Ikiharibika upande wa pili, ikadhoofu, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ndiyo inayopasua bunduki usoni mwako. Usiitumie.

Baruti ya migodini Mererani inaweza kujazia risasi? (Mchimbaji)

Kamwe, ndugu yangu. Ile imetengenezwa ivunje mwamba kwa mshindo wa papo hapo, hii iungue kwa kipimo. Bunduki itapasuka mkononi.

Babu yangu aliokota risasi za vita vya Wajerumani karibu na Longido. Bado zinafanya kazi? (Msomaji, Ngaramtoni)

Huenda, na hapo ndipo penye hofu. Mapigano ya Longido yalikuwa tarehe 3 Novemba 1914. Risasi za .303 za Waingereza zilijazwa kodaiti, vijiti virefu kama tambi vyenye nitrogliserini, na sasa zimepita miaka 100. Ukiona ukijani au ubluu pale kichwa kinapoingia kwenye ganda, metali inaliwa. Usizifungue kutafuta kilichomo, usizigonge, usizipeleke kwa fundi wa gobore. Ziacheni zilipo, mwite polisi.

Nimeamua haifai. Naitupaje? (Wengi wenu)

Si kwenye taka, si chooni, wala si kwenye moto wa kuchomea majani. Toa taarifa kituo cha polisi ili ielekezwe pa kuteketezwa. Kama inanuka chachu na bado unasubiri, imwage taratibu nje kwenye ndoo ya plastiki yenye maji mengi, uiache bila mfuniko, kivulini, mbali na nyumba na mifugo. Maji huizuia kuwaka lakini hayaiui: ikikauka inawaka tena. Ongeza maji kila siku hadi waje kuichukua, na uwaambie watu wote wa nyumbani ndoo ile ina nini.