Bafu la Zamani, Maji Magumu: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Tunaishi nyumba ya zamani hapa Area C, Dodoma. Bafu ni la enzi za baba mkwe: sakafu ya terazo, vigae vidogo vyeupe ukutani, bomba la mvua linalotoa matone tu na koki isiyofunga. Mume wangu anataka tubomoe tuanze upya, ila hela ya kazi hiyo hatuna. Nianzie wapi? – Mama wa watatu

JIBU: Mama, msibomoe. Terazo nzuri hudumu miaka mingi, na ikipigwa msasa na kung'arishwa inarudi kupendeza. Anza na maji. Ukipaka rangi wakati bomba bado linavuja, ukuta utalowa kwa ndani na rangi itabanduka.

Kinachoziba bomba la mvua ni chokaa. Maji mengi ya mjini yanatoka kwenye visima vya Makutupora, na ni maji magumu: kila yakikauka yanaacha magamba meupe. Fungua kichwa cha bomba la mvua, ukizungushia kitambaa kabla ya kukishika na spana kisichubuke. Kiloweke kwenye siki nyeupe kwa muda wa saa mbili, usizidishe sana, maana kromu hupauka. Halafu kisugue kwa mswaki wa zamani na uzibue kila tundu kwa pini. Fanya hivyo kwenye beseni, mbali na sakafu: siki na ndimu hula terazo na simenti, na doa lake halitoki kwa kufutwa. Na siki isikutane na jiki hata kidogo, zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu.

Kikiwa safi na maji bado hayana nguvu, tazama simtanki. Nguvu ya maji inatokana na kimo cha tangi, wala si ukubwa wake. Mita 10 za kimo zinatoa baa 1 (baa ni kipimo cha nguvu ya maji), kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba la mvua linakupa baa 0.3 tu. Ndiyo maana kile kichwa kipana kinachovutia dukani kitakuvunja moyo kikifika nyumbani. Chukua kichwa kidogo cha kawaida, na kama kuna kidude cha plastiki cha kubana maji shingoni mwake, kitoe. Mkifikiria shawa ya umeme, muulizeni muuzaji inahitaji baa ngapi kuwaka. Nyingi haziwaki maji yakiwa dhaifu. Iwe na waya wa ardhi na swichi yake peke yake, na kazi hiyo aifanye fundi umeme mwenye leseni.

Koki inayodondosha kwa kawaida inadai washa tu, yaani kile kipira cha ndani kinachozuia maji, ambayo ni ya bei ndogo. Funga koki kuu, fungua kichwa cha koki, toa washa ya zamani uende nayo dukani upate ya saizi ileile. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole ndani pale washa inapokaa. Ukigusa ukwaruzo, huenda ni chokaa. Ikwangue, la sivyo washa mpya itakatika haraka na utamlaumu muuzaji bure.

Ikilazimu kubadilisha koki nzima, hapo ndipo balaa hutokea. Bomba la chuma la miaka mingi limeliwa na kutu kwa ndani, na ukilazimisha spana linakatikia ukutani. Tia mafuta ya kulegeza kutu, acha yapenye kwa saa kadhaa, kisha geuza polepole. Kwenye uzi wa koki mpya zungusha tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzuia kuvuja) mara 8 hadi 10, kufuata upande ule koki inavyokazwa. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kutoka wakati unakaza.

SWALI: Mistari ya vigae imekuwa myeusi, hata nikisugua vipi. – Msomaji, Kizota

JIBU: Kwangua grauti ya zamani, yaani ule ujazo wa kati ya vigae, kina cha milimita 2 au 3, osha, acha ikauke siku nzima. Koroga grauti mpya iwe nzito kama dawa ya meno. Kiangazi chetu ni kikavu na grauti ikikauka upesi hupasuka, basi lowesha mistari kidogo kwanza na ufunge dirisha upepo usiingie. Futa kwa sponji yenye unyevu kwa mshazari, bafu lisitumike saa 24. Kwenye kona ya ukuta na sakafu usiweke grauti, weka silikoni ya bafuni: sehemu hizo mbili hucheza kila moja kivyake, na grauti itapasuka tu. Gonga vigae kwa kucha. Kinacholia utupu kimeachia, kibandike upya kabla ya yote.

SWALI: Maji ya mgao yanaisha haraka, nahisi choo kinavuja ila sioni maji. – Mpangaji, Nkuhungu

JIBU: Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka au umeota chokaa. Usafishe, usipokaa vizuri nunua mwingine. Hakikisha pia boya linakata maji sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba la ziada, lile la ndani ya tangi linalotoa maji yakizidi.

SWALI: Bafu la wageni linanuka ingawa halitumiki. – Msomaji, Singida

JIBU: Linanuka kwa sababu halitumiki. Maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la kutolea maji chini ya sakafu ndiyo yanayozuia harufu, na kwa ukavu wa huku hukauka. Mimina lita moja ya maji kila wiki. Ukisafiri, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kula juu yake, yatachelewesha kukauka.